Kiti cha Kulia: Ndege za Injini Mbili na Watu Ambao Historia Haikuwataja

Leo tunaweka pembeni habari za nani kamwacha nani. Leo ni historia, ila msikimbie, ni historia yenye mngurumo.

Ukiishi Magomeni, iwe Mapipa, Usalama, Kagera au Mwembechai, ndege ni sehemu ya maisha kama yalivyo mabasi ya mwendokasi. Zile zinazoshuka kutokea upande wa baharini zinapita juu ya Upanga na Kariakoo zikielekea Kipawa, na sisi huku pembeni tunaziona vizuri tu. Yale madege makubwa kila mtu anayajua. Mimi leo naongelea vile vidogo, vyenye propela mbili, moja kila bawa, mlio wake kama pikipiki mbili zinazofukuzana. Watoto wakiviona wanapunga mkono, kisha wanarudi kwenye chandimu.

Swali langu ni hili: nani alitufundisha kuvirusha?

Ukitafuta kwenye vitabu utakuta majina ya waliomiliki ndege, waliovunja rekodi na waliokuja kuzindua viwanja. Lakini Mswahili wa kwanza aliyekaa kiti cha kushoto akaambiwa "haya, sasa wewe", na mwalimu aliyekaa kiti cha kulia akiwa amejikaza asimnyang'anye usukani, hao hawana sanamu wala mtaa. Hoja yangu ya leo ni moja tu. Katika nchi yetu ndege hazikuchelewa kufika. Kilichochelewa ni kiti. Na ukielewa habari ya kiti, utaelewa kwa nini mpaka leo kijana wa Magomeni anaona urubani ni habari ya watu wengine.

NDEGE ILIKUJA KWA MELI

Turudi 1914, enzi za Mjerumani. Rubani mmoja wa Kijerumani, Bruno Büchner, alileta ndege yake Dar es Salaam kwa meli. Wajerumani walikuwa wamepanga maonyesho makubwa hapa mjini mwezi Agosti mwaka ule, na ndege ilikuwa kivutio. Vita Kuu ya Kwanza ikaanza mwezi huohuo, maonyesho yakafa, na ndege ya burudani ikaingizwa vitani.

Mwaka uliofuata, 1915, Waingereza nao wakaleta ndege zao kuisaka manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyokuwa imejificha kwenye delta ya Rufiji. Zilirukia kisiwa cha Mafia. Kazi ya aliye juu ilikuwa kuangalia mizinga inaangukia wapi na kupeleka taarifa ili wapigaji warekebishe. Julai 11, 1915 Königsberg ikamalizwa.

Kwenye habari hizo majina ya marubani yapo. Manowari ina jina, meli za Waingereza zina majina. Watu wetu wako wapi? Wako kwenye jina la soko. Kariakoo ni matamshi yetu ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, watu waliobebeshwa vita nzima kichwani. Kila siku tunapanda gari za Kariakoo na hatumjui kwa jina hata mmoja wao.

Kwa hiyo tangu mwanzo mgawo ulikuwa hivi: wao juu, sisi chini. Wao wanaandikwa, sisi tunabeba. Hilo liwekeni akilini, linaendelea.

NDEGE YENYE KITI KIMOJA

Mwaka 1929 mama mmoja mjane wa Kizungu pale Nairobi, Florence Kerr Wilson, alianzisha kampuni ya ndege, Wilson Airways. Ndiye huyo ambaye uwanja wa Wilson wa Nairobi una jina lake. Miaka ya 1930 ndege za kampuni hiyo zilikuwa zinabeba barua na abiria wachache kupita pwani yetu: Mombasa, Tanga, Zanzibar, Dar es Salaam. Kati ya ndege zake ilikuwepo Dragon Rapide, iliyotengenezwa Uingereza na kuruka mara ya kwanza 1934.

Hii Dragon Rapide ndiyo bibi wa ndege zote ndogo za injini mbili huku kwetu. Mabawa mawili kila upande, moja juu ya lingine, mwili wa mbao na kitambaa, injini mbili zenye nguvu ya farasi 200 kila moja, abiria kama sita mpaka wanane. Ukiiona kwenye picha unaweza kudhani ni pambo la sherehe. Lakini ilifanya kazi. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, ambalo wazee wetu walizoea kuliita East African tu, lilipoanza kazi Januari 1, 1946, lilianza na ndege sita, na zote sita zilikuwa za ukoo huo.

Sasa nisikilizeni vizuri. Chumba cha rubani cha Dragon Rapide kiko puani kabisa, chembamba, na kina kiti kimoja. Kimoja! Hakuna pembeni. Rubani anakaa peke yake, na anayetaka kumwelekeza hana budi kuwa nyuma yake na kuchungulia begani.

Mhandisi aliyeichora hakuwa na nia mbaya na Waafrika, alitaka tu ndege nyepesi. Ila mimi nikiangalia kile kiti kimoja naona picha nzima ya zama zile. Chini kulikuwa na watu wetu kibao: wanaokata nyasi za kiwanja, wanaofukuza wanyama ndege itue, wanaobeba madebe ya mafuta, wanaosafisha mashine. Walizijua ndege kwa harufu na kwa mlio. Mtu wa namna hiyo umpe nini zaidi ili awe rubani? Umpe pa kukaa, na mtu wa kumwelekeza. Hivyo viwili ndivyo havikuwepo.

Na si kwamba kufundishana hakukuwepo kabisa. Nairobi kulikuwa na klabu ya kuruka tangu 1927, ya walowezi. Beryl Markham, yule mwanamke aliyevuka Atlantiki peke yake mwaka 1936 kutoka Uingereza kwenda Amerika Kaskazini, alijifunzia urubani hukohuko Kenya, na mwalimu wake, Tom Campbell Black, alikuwa rubani wa Wilson Airways. Beryl alikuwa na kipaji, sibishi. Lakini pia alikuwa na mwalimu pembeni. Kipaji bila mwalimu kinaishia kupunga mkono.

MSICHANA WA KUCHA

Msidhani haya ni ya kwetu tu. Chicago, Marekani, kulikuwa na dada mmoja mweusi anaitwa Bessie Coleman, kazi yake kutengeneza kucha za wateja kinyozini. Akataka kuwa rubani. Shule za kwao zikamkatalia: mweusi, halafu mwanamke. Akafanya nini? Akajifunza Kifaransa, akapanda meli mpaka Ufaransa, akasomea huko, na Juni 1921 akapata leseni.

Marekani wakati huo ndege zilikuwa zimejaa. Kilichomfungia safari mpaka ng'ambo ya bahari ni kiti cha mwalimu. Kwa hiyo mtu akikwambia "Waafrika hawakurusha ndege kwa sababu ndege zilikuwa chache", mwambie taratibu kwamba hata pale zilipokuwa nyingi, kiti kilikuwa kimefungwa.

MICHANGO YA NAULI

Turudi mjini kwetu. Miaka ya 1950 Magomeni ilikuwa inapimwa na kujengwa kama makazi ya Waafrika. Mjini kuligawanywa: uzunguni, uhindini, uswahilini. Julai 7, 1954 TANU ikazaliwa, na Machi 7, 1955 Mwalimu Nyerere akawa anahutubia Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kule New York. Alikwenda kwa ndege. Nauli ile ilichangwa. Watu walitoa walichonacho, na wengi wao majina yao hayapo popote.

Baadaye Mwalimu akaja kuishi hapahapa Magomeni, mtaa wa Ifunda, nyumba ambayo sasa ni makumbusho. Ukipita pale, ingia. Ni nyumba ya kawaida kabisa, na ndiyo uzuri wake.

Mimi naipenda hii habari ya nauli kwa sababu ni mara ya kwanza naona watu wa kawaida wa mji huu wanakinunua kiti cha ndege kwa pamoja. Kilikuwa kiti cha abiria tu, lakini waliokichangia walijua kinampeleka nani na kusema nini. Miaka sita baadaye, Desemba 9, 1961, bendera ikapanda. Kiti cha abiria tukawa tumekipata. Kile cha mbele kikabaki.

MWALIMU ANAYEKUTAFUTIA MATATIZO

Hapa lazima nieleze kidogo mambo ya ufundi, la sivyo hamtaelewa kwa nini mwalimu ni muhimu kiasi hiki.

Mtu wa kawaida anafikiri injini mbili ni usalama mara mbili. Moja ikizima, nyingine ipo, tunaendelea na soda zetu. Kumbe sivyo. Kwenye ndege ndogo injini moja ikizima hupotezi nusu ya uwezo wa kupanda juu, unapoteza zaidi ya hapo kwa mbali, kwa sababu nguvu iliyobaki nyingi inaishia kuibeba tu ndege isishuke. Halafu kuna la pili. Injini nzima iko kwenye bawa moja, inasukuma upande mmoja. Fikiria mkokoteni wa Kariakoo wenye watu wawili wanaosukuma, mmoja kila upande, halafu mmoja aachie ghafla. Mkokoteni utageukia upande gani? Upande wa aliyeachia. Ndege nayo ni hivyohivyo, na ukiwa mwendo mdogo mno, hata ukanyage usukani wa mkia mpaka mwisho, haikusikilizi. Inageuka, inalala, inapinduka.

Ndiyo maana kwenye saa ya mwendo ya ndege hizi kuna mstari mwekundu na mstari wa bluu. Mwekundu unasema: chini ya hapa, ukiwa na injini moja, ndege si yako tena. Wa bluu unasema: shikilia mwendo huu, ndio unaokupandisha vizuri zaidi kwa injini moja. Kati ya mistari hiyo miwili ndipo maisha ya watu yalipo.

Huwezi kulijifunza hilo kwa kusoma. Lazima mtu akufanyie kweli, ukiwa juu. Na wazo hilo lina historia yake. Mwaka 1917, katikati ya vita, Mwingereza Robert Smith-Barry aliona wanafunzi wanakufa ovyo kwa sababu walimu wanawaonyesha mambo mepesi tu na kuwakwepesha yale ya hatari. Akaanzisha shule pale Gosport, Uingereza, akageuza utaratibu: ndege iwe na usukani mara mbili, mwanafunzi ashike, mwalimu aongee naye kupitia mpira wa kusemea, na yale mambo ya hatari yafanywe makusudi mpaka mwanafunzi ajue namna ya kujitoa. Karne imepita, na mpaka leo mwalimu mzuri wa ndege ni yule anayekutafutia matatizo kabla matatizo hayajakutafuta.

NILIYOYAONA KITI CHA NYUMA

Mwaka jana nililiona hili kwa macho yangu. Kuna kijana wa mtaani kwetu, tulikaa dawati moja mpaka fomu foo. Jina nalihifadhi, kwa sababu mama yake anasoma humu na mpaka leo anaamini yale mambo ya kuzima injini yanafanyika kwenye kompyuta tu. Mama, shikamoo. Baba yake aliuza kiwanja ili yeye asome. Alikuwa amebakiza masaa machache ya injini mbili, na aliniombea ruhusa nikakaa nyuma, kimya, mkanda umebana.

Ndege ilikuwa Piper Seneca, muundo ulioanza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Viti sita. Na zile Seneca za mwanzo, amini usiamini, injini zake zilikuwa na farasi 200 kila moja, sawasawa na Dragon Rapide ya bibi. Tofauti ni kwamba hii mbele ina viti viwili na usukani mara mbili.

Mwalimu alikuwa mama wa makamo, mwembamba, kofia ya jua, maneno machache. Wanafunzi wote wanamwita Kapteni. Kabla ya kupanda alimfanya mwanafunzi wake akinge mafuta kidogo kwenye chupa na kuyainua juani aone kama yana maji. Mafuta yale ni ya bluu, nilidhani ni dawa ya choo. Tukiwa tumesimama mwanzo wa njia ya kurukia, akamwambia, "Nisemee." Kijana akasema kwa sauti: injini ikizima tukiwa bado chini, nafunga zote mbili, nasimama. Ikizima tumeshanyanyuka na njia bado ipo mbele, narudi chini. Ikizima njia imeisha, mstari wa bluu, nashikilia. Alisema kama anasoma dua.

Tukaruka. Ilala, Kariakoo, mabati na maghorofa, bonde la Jangwani, na kushoto kule Morogoro Road imenyooka ikipita Magomeni yetu. Ilikuwa ndogo! Nikatamani kupiga kelele, nikakumbuka ahadi ya kukaa kimya.

Tukaelekea upande wa Bagamoyo, juu, mbali na watu. Huko Kapteni akachukua karatasi ngumu iliyokunjwa, akafunika vile vishikio viwili vya kuongezea moto injini, mkono wake ukiwa chini ya karatasi. Mwanafunzi asione anavuta kipi. Pua ya ndege ikaanza kukimbilia kulia. Kijana akakanyaga. Akakanyaga mguu usio wenyewe, na pua ikakimbia zaidi, tumbo langu likahamia kooni.

Nilikuwa namwangalia Kapteni. Miguu yake ilikuwa tayari kwenye pedali zake, lakini hakukanyaga. Alihesabu, nadhani, moja, mbili. Alimwacha ausikie mwili wa ndege unavyolalamika. Halafu akakanyaga yeye, ndege ikatulia, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mguu uliolala?"

"Wa kulia," kijana akajibu, jasho linamtoka.

"Basi injini iliyolala?"

"Ya kulia."

"Rudia."

Hiyo ndiyo kanuni yenyewe. Mguu unaofanya kazi ya kuinyoosha ndege uko upande wa injini iliyo hai. Mguu usio na kazi unakuonyesha injini iliyokufa. Hauangalii saa kwanza, unasikiliza miguu yako. Kisha unahakikisha, kisha unageuza panga za propela iliyokufa zikate upepo kwa ubavu, zisikuvute kama breki. Alirudia mara tano. Mara ya tano pua haikuyumba sana.

Tuliposhuka nikamuuliza Kapteni ile karatasi ni ya nini hasa, mbona imechakaa vile. Akacheka. Akasema aliyemfundisha yeye alikuwa anafunika vishikio kwa gazeti, kila siku gazeti, na kwamba mzee yule alipita Soroti. "Sisi wote ni wajukuu wa Soroti," akasema, akaenda kujaza makaratasi yake.

SOROTI NA MWAKA WA KUVUNJIKA

Soroti ni mji wa mashariki mwa Uganda. Mwaka 1971 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha pale chuo cha urubani na ufundi wa ndege kwa ajili ya nchi zote tatu. Fikirieni uzito wake. Miaka kumi baada ya uhuru wetu, kijana wa Tanzania, wa Kenya na wa Uganda wanakaa bweni moja, wanajifunza kwenye ardhi ya Afrika Mashariki. Hakuna kujifunza Kifaransa kwanza. Kiti kimefunguliwa.

Lakini mwaka huohuo, Januari 1971, Idi Amin alichukua nchi ya Uganda. Mwalimu na Amin hawakuelewana hata siku moja. Jumuiya ikaanza kuyumba. Mwanzoni mwa 1977 Shirika la East African likafa. Kenya ikaanzisha la kwake, na Februari mwaka ule Tanzania ikafunga mpaka na Kenya. Machi 11, 1977 tukaanzisha Shirika la Ndege Tanzania, ATC. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakaingia Kagera, na yaliyofuata mnayajua.

Watu wakisimulia kuvunjika kwa Jumuiya wanahesabu mali: ndege ngapi zilibaki Nairobi, mabehewa mangapi, meli gani. Ugomvi wa kugawana ule ulikwenda mpaka 1984 ndipo makubaliano yakasainiwa Arusha. Mimi nadhani hasara kubwa haikuandikwa kwenye zile hesabu. Ndege ukipoteza unaweza kununua nyingine mwakani. Mwalimu wa ndege hanunuliki. Anatengenezwa na mwalimu mwenzake, saa baada ya saa, na akistaafu bila kuacha mtu, yale ya mguu uliolala na gazeti juu ya vishikio anakwenda nayo. Soroti ipo mpaka leo, na waliopita pale wakafundisha wengine, kimyakimya, bila waandishi wa habari. Mnyororo haukukatika. Ila ulibaki mwembamba sana, na ndio tunaoning'inia nao.

KITI CHA LEO KINA BEI

Leo hakuna anayekuambia Mswahili hawezi. Kinachokufungia kiti ni kingine. Kwa viwango vya kimataifa, leseni ya rubani wa biashara inataka walau masaa 200 ya kuruka, au 150 ukiwa kwenye kozi iliyoidhinishwa. Kila saa ina mafuta, mwalimu, matengenezo. Saa ya injini mbili inakunywa mafuta mara mbili, na ni yale ya bluu, siyo yale ambayo ndege kubwa zinatumia. Ndiyo maana wenye biashara nao wamezikimbia. Ukivuka kwenda Zanzibar leo kwa ndege ndogo, safari ya kama dakika 20, kuna uwezekano mkubwa umepanda Cessna Caravan, yenye injini moja tu ya aina ya tabo, inayotumia mafuta ya kawaida ya ndege. Inategemewa kiasi kwamba moja inatosha.

Kwa hiyo kijana anajikuta hapa: ndege za injini mbili ndogo zinapungua, lakini bila masaa yake hawezi kupanda ngazi kwenda ndege kubwa, kwa sababu karibu zote zina injini mbili. Baba anauza kiwanja. Asiye na kiwanja anapunga mkono.

Habari njema ni kwamba pale Mabibo, jirani zetu kabisa, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kimeingia kwenye mafunzo ya urubani na kimepata ndege ndogo za kufundishia. Kutoka Magomeni mpaka Mabibo nauli yake haihitaji mchango wa chama. Naomba tu wanaopanga bajeti wakumbuke historia hii: wakinunua ndege wapige picha, sawa, lakini wahesabu pia walimu. Wangapi wapo, wana umri gani, nani anakaa kulia kwao leo ili kesho akae yeye. Na wakumbuke mikopo na ufadhili kwa watoto ambao baba zao hawana cha kuuza.

Sasa kazi yenu wadau. Mtaani mwetu, Magomeni, Ilala, Kariakoo mpaka Temeke, kuna wazee waliofanya kazi East African na ATC: mafundi, wabeba mizigo, marubani, walimu. Wengine mnakaa nao baraza moja na hamjawahi kuwauliza. Nenda kwa babu, mwamkie vizuri, mpelekee hata kashata, muulize alikuwa anafanya nini na nani alimfundisha. Kama anakubali, andika hapo chini kwenye maoni. Tumeshapoteza majina ya kutosha. Haya ya sasa bado yana watu wa kuyaitikia.